Yaya (ndugu yangu mukubwa) iko Texas anasema bunduki ya kuwinda ni dola 219 magazeni (dukani), lakini bei ya masasi njo inanishangaza. Mwenye kujua atuelezee

Mwana_Njanja (Lubumbashi), mwenye uzi

Bandugu jambo yenu wote. Naandika hapa juu najua kuko bantu beko Marekani, miye niko paka hapa Lubumbashi, sijapita mbali kuliko Ndola.

Yaya yangu iko Texas tangu 2017, mwezi wa 12 anakuya kutuona. Jana usiku ananipigia video, ati uliza papa kama anataka bunduki mupya ya kuwinda. Nikacheka, nikafikiri anakunywa. Kumbe iko ndani ya magazeni, akageuza simu akanionyesha, bunduki zimesimama mustari nyuma ya kioo sawa vile depo ya pa kona inapangaka bia ya Simba na ya Tembo, kila moja na karatasi ya bei kwenye shingo, na nyuma ya yaya napitisha macho naona mama moja anasukuma kigari na mutoto ndani, hata haangalii. Moja ya kalibre 12 ilikuwa dola 219. Bandugu, dola 219! Ile ni bei ya simu ya muzuri kidogo hapa mujini.

Kiisha akanionyesha upande wa masasi. Mabokisi yamejaa mpaka juu. Akasema leo iko vile, lakini ungeona 2020 hii yote ilikuwa mbao tupu, bokisi moja tulikuwa tunalala mulangoni juu yake. Hapo njo sikufahamu. Inchi yenye kufanya bintu vile kila siku inakosaje masasi? Na masasi si ni mukuba (shaba) wetu tu na madini ya risasi ya kuyeyusha?

Papa yangu alifanya Gécamines, kampuni ya serkali ya mukuba, miaka 31, na pensheni yake haina hata maana ya kusema hapa. Ana bunduki ya mitutu mbili ya wakati wa Zaïre, na makaratasi yake, ya ukweli. Karatasi ya kurudisha upya iliingia biro moja (siitaje) ikalala kule mwaka muzima na miezi. Sasa bunduki iko kwa kabati, mzee anaipakaka mafuta tu kila siku ya mungu kisha anairudisha. Njo maana yaya alitaka kumufurahisha.

Kwa hiyo nauliza: ile bei ni ya kweli ao kuko kintu banaficha? Na juu ya nini masasi yanapotea kisha yanarudi? Na anaweza kuya nayo kweli?

Bwana_Kariakoo (Dar)

Mkuu samahani natoka nje ya mada, mwaka jana niliingia kwenye uzi wako mwingine uliandika "niliuza gari Lubumbashi" halafu mstari wa chini unasema sasa unaliendesha, nikachanganyikiwa kabisa. Hapa tukianza kuongea kuuza bunduki naomba tuelewane kwanza nani anatoa hela na nani anapokea 😂

Mwana_Njanja

Kwetu kuuza ni kutosha franga yako, kuuzisha ni kupokea ya mwenzako. Nyie wa Dar njo mulichanganya. Sawa, hapa nitasema kununua juu yako.

Kaunta_Ya_Texas

Mwenye uzi, yaya yako hakudanganyi. Miye ni mutoto wa Kamalondo, hapo Lubumbashi, niko huku, nafanya kazi kwenye magazeni kubwa ya bintu bya uvuvi na michezo, jina naiacha juu bado natafuta mushahara pale. Mwaka wa saba niko kaunta ya bunduki. Kwa hiyo kaeni muzuri, nina maneno mingi.

Ile ya dola 219 ni pampu, ya aina ya Maverick 88, unasukuma na mukono kwa mbele kartushi inaingia. Plastiki nyeusi, haina urembo, lakini inapiga. Ni kazi ya watu wanaofuga kuku na wenye kuanza kuwinda bata. Kalibre ndogo ya .22, sema Ruger 10/22, inatembea kati ya 250 na 350 na kupanda kufuata mbao yake. Bastola ya Glock 19 njo banauliza kila siku, iko 500 mpaka 600 hivi. Kiisha kuko bunduki ndefu za swala za huku, zile na darubini juu, unaweza kuacha pale elfu mbili kabla hujashika mulango. Juu ya ile bei weka kodi ya jimbo na ya muji, hapa inafika asilimia 8.25. Na bila kuona, ndani ya ile bei kuko kodi ya serkali kuu yenye kulipwa na kiwanda, ya tangu 1937, asilimia 11 kwa bunduki ndefu na masasi, 10 kwa bastola, na ile franga inaendaka kutunza mapori na wanyama. Watu huku wanalalamikaka kodi zote lakini wawindaji ile hawaisemi vibaya sana.

Sasa usifikiri mutu anaingia na dola 219 anatoka na bunduki kama mukate. Anajaza karatasi yenye jina 4473, maswali yote, ulishafungwa, unatumia bangi, wewe ni raia wa wapi. Miye nachukua kitambulisho, natuma majina kwa FBI, mashine yao iko tangu mwaka 1998, inarudisha neno moja kati ya matatu: aende, asubiri, hapana. Wengi wanapata "aende" mbele ya kumaliza kahawa. "Asubiri" ni siku tatu za kazi. "Hapana" njo mbaya, juu mutu anakuangalia miye kama njo nilimukatalia. Bunduki ndefu ni miaka 18, bastola 21, sheria ya 1968, lakini kuna magazeni zenye kupandisha zenyewe mpaka 21 kwa yote. Mwenye green card anaweza kununua. Mwenye kuya kutembea na viza, kawaida hapana. Nilishakuwa na papa moja wa kwetu mwenye kuya kumuona binti yake, alivaa suti, alikuwa na kadi ya benki mukononi, nikamueleza na Swahili papa haiwezekane, akaniuliza weye ni mutoto wa nani huko Lushi.

Masasi ni kitu ingine. Hakuna karatasi ya FBI, unaonyesha miaka yako unalipa unaenda, kwa hapa Texas. California si vile, kule tangu 2019 hata masasi wanapekua mutu, na tangu Julai 2024 wameongeza kodi yao ya asilimia 11 juu ya ile ingine. Niko na mwenzetu kule anasema bei anazikia mupaka kwenye meno.

Ya 2020 nitarudi kesho, nimetoka kazi sasa, miguu inawaka.

Mwalimu_wa_Nguba (Bukavu)

Kaunta asante sana kwa maelezo. Mimi nasoma tu hapa kwa mshangao. Darasani niliwahi kuambia watoto kwamba kuna nchi ambako silaha inauzwa duka moja na vyakula, mmoja akanyoosha mkono, "mwalimu, na hapa si ilikuwa vile, tofauti ni kwamba hapa hakuna kaunta." Darasa lilinyamaza. Sikuwa na jibu.

Mbele_Tu_243

We wa Texas tuma namba tuongee biznesi 🔥 hapa kuna soko

Moderata

Mbele_Tu_243 onyo la kwanza na la mwisho. Hapa tunaongea bei za magazeni ya huko na sheria. Mtu akitaka kupanga biashara ya silaha, au kuandika bei za silaha za kificho za hapa kwetu, nafuta na akaunti inaenda. Endeleeni.

Mwana_Likasi (Louisville, Kentucky)

Ya Walmart inafaa isemwe juu bantu wengi kwetu wanafikiri kule banauzisha kila kitu. Walmart waliacha bastola mwaka 1993 (Alaska peke yake njo ilibakia). Mwaka 2015 wakaacha zile bunduki za kufanana na za jeshi. 2018, kiisha mauaji ya ile shule ya Parkland, wakaweka miaka 21. Halafu 2019 Agosti mutu aliingia ndani ya Walmart ya El Paso akaua watu 22, mwingine akafa hospitali kisha, wakawa 23. Mwezi wa kufuata wakasema basi, hatutauzisha tena masasi ya bastola wala ya zile bunduki za kijeshi, tutamaliza yenye iko kwenye rafu. Wakabakia na za kuwinda tu. Kwa hiyo ile etajeri ya yaya si ya Walmart, ama ni ya kuwinda peke yake.

Miye sina bunduki, bibi yangu (muke wangu) alikataa. Alisema tulikimbia ile kitu miaka yote, sasa tuilalie kichwani?

Mukuba_Moto (Lubumbashi)

Nafanya laboratuari, napima madini, kwa hiyo ile swali ya mukuba wetu iliniingia. Nimehesabu saa ya kula.

Ganda la risasi la kawaida ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki 30. Haya, shaba mnajua inatoka wapi, na zinki iko Kipushi hapa kilometa 30 hivi, ile mine ya tangu 1924, ilifungwa 1993 ikafunguka tena 2024. Sisemi ile ya kwetu njo inaingia kule moja kwa moja, katodi (bipande bya shaba safi) zinapita mupaka wa Kasumbalesa zinapotea duniani, nani anajua chembe yake. Lakini sema ilikuwa ya kwetu. Sasi moja ya milimita 9, ganda lake ni karibu gramu 4, ndani yake shaba haifiki gramu 3. Ongeza ngozi nyembamba ya shaba yenye kuvikwa ile risasi ya mbele, sema yote gramu tatu na nusu. Bokisi ya masasi 50, ni gramu 175. Nikichukua kilo moja dola 10, mukuba wote wa bokisi nzima haifike dola 2.

Kwa hiyo Mwana_Njanja, bokisi ikitoka 10 ikapanda 40 usilaumu mukuba. Kintu ingine njo ilipanda.

Mwana_Njanja

Papa anasoma hapa begani yangu, anasema "bona ni vile vile, mukuba anabakia maskini mpaka ndani ya bokisi."

Kaunta_Ya_Texas

Papa ana neno 😂 Haya nimerudi.

2020. Mwezi wa tatu Covid imeingia, watu wananunua karatasi ya choo, na sisi kaunta ikajaa watu wenye hawajashika bunduki maisha yao. Si wale wazee wa kofia tunaowajua. Mama wa ofisi, vijana wa Kichina, watu weusi, muhindi na bibi yake. Wengi waliona video za watu wanapigana dukani wakaogopa. Mwezi wa tano na wa sita ikakuya ile ya Minneapolis, polisi kumuua George Floyd, maandamano, moto. Kiisha uchaguzi. Kila kitu kiliongeza juu ya kingine. Ule mwaka ile mashine ya FBI ilipokea majina milioni 39 na zaidi, mwaka wa mbele yake ilikuwa milioni 28. Si kila jina ni bunduki moja imeuzwa, kuna majimbo yanapima mutu juu ya permi tu, lakini muone mulima.

Sasa weka hesabu ya mukulima: mutu mupya anunue bastola moja, na mabokisi mawili tu ya kujifunza. Mamilioni ya watu mara mbili. Na wale wazamani, wenye masasi elfu tano kwenye garaji, walipoona rafu inaisha wakakuya kuongeza tano ingine. Hapa njo nachukia. Mwenye kuhitaji hapati, mwenye kujaa anajaza.

Lori yetu ilikuwa inafika siku ya nne na siku ya posho (Jumamosi). Hatukusema kwa mutu. Lakini kuna wazee walijua saa ya lori kuliko sisi, saa kumi na mbili asubuhi wamekaa na viti vyao vya kukunja mulangoni, na thermos. Tuliweka kipimo, mabokisi mawili kwa mutu, kisha moja. Mzee anapita anachukua moja yake, anatoka, anatuma bibi, anatuma mutoto wa miaka 22, anatuma jirani. Saa tatu rafu ni kioo na vumbi. Bokisi ya milimita 9 ya masasi 50 tuliyokuwa tunaiuzisha dola 9 au 10, mwanzo wa 2021 kwenye intaneti ilikuwa inapita 40. Sisi dukani hatukupandisha vile, bosi alikataa, kwa hiyo wale wazee wa viti walikuwa wanachukua kwetu kwa 17 wanaenda kuuzisha kwenye maegesho ya magari. Nilimuona moja na macho yangu. Nikamuuliza, akasema "biashara huru".

Bunduki zenyewe hazikupanda vile, ziliisha tu. Kioo ilikuwa na mashimo, karatasi za bei zinaning'inia bila kitu. Ile ya 219 ilipanda kidogo, lakini haikufika mara nne. Bunduki unainunua mara moja. Masasi njo inakula.

Mama_Unga_Kenya (Lubumbashi)

Wana wangu mimi sina habari ya masasi na Mungu anisaidie nisiwe nayo. Nauzisha unga soko ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Lakini nikisoma huyu wa Texas naona kama anasema juu yangu.

Zambia walipofunga mupaka Agosti 2024, siku tatu hivi, hata unga haukuisha bado. Depo ilikuwa na mifuko. Lakini saa nne asubuhi watu wamesikia kwenye radio, saa sita mbele yangu ni mustari, mama mwenye kununuaka ekopo tatu za kukata bukari (ugali) ya jioni anataka mufuko muzima wa kilo 25, anakopa kwa shemeji yake apate mufuko. Mwenye depo akaona ile, akapandisha. Miye nikapandisha juu nikinunua tena sitapata kwa ile bei. Kiisha mupaka ukafunguka, lakini bei ilishuka pole pole kama mutu muzee kwenye ngazi. Kupanda inapandaka na pikipiki.

Kwa hiyo si mahindi njo yalipanda. Ni ile mustari.

Mukuba_Moto

Mama ameongea kuliko laboratuari yangu.

Mwana_Njanja

Lakini Kaunta, mahindi inalimwa mara moja kwa mwaka. Masasi ni kiwanda, mashine. Kwanini hawakuongeza mashine tu?

Kaunta_Ya_Texas

Swali ya muzuri, na wateja waliniuliza kila siku wakifikiri serkali inaficha. Kuna mambo mbili tatu.

Ya kwanza, ndani ya sasi kuko kitu kidogo chini, kile pini inagongaka ili baruti iwake, huku tunaita praima. Ganda, baruti, risasi ya mbele, hivi vyote wengi wanaweza kufanya. Praima ni kemia ya hatari, ya kulipuka, viwanda vya kuifanya kwa wingi Marekani unavihesabu kwa vidole vya mukono moja: CCI, Federal, Winchester, Remington. Na tazama, Remington alikuwa amefilisika 2018, akafilisika tena Julai 2020, katikati ya ile njaa! Kiwanda chake cha masasi cha Lonoke, Arkansas, kikawa kinanunuliwa wakati wateja wanalia. Vista Outdoor wakakichukua kwa dola milioni 81 hivi, wakaanza kuita wafanyakazi warudi. Ile ilikuwa kama mukate wa muji mzima unapikwa na tanuru nne, na moja iko kwa mahakama.

Ya pili, wenye viwanda hawataki kujenga mashine mupya, juu walishaungua. Wanajua hii hofu ina majira. Obama alipochaguliwa 2008 watu walinunua wakiogopa sheria. Desemba 2012 ile shule ya Sandy Hook, watoto wadogo 20 na walimu waliuawa, kiisha watu wakaogopa Washington itafunga, wakafagia. Mwenzangu wa kaunta mwenye miaka mingi kunishinda ananiambia 2013 mpaka karibu 2016 hata .22, sasi ya kitoto, ya kupiga chupa, ilikosekana. Ndoo ya masasi 500 ya dola 20 watu walikuwa wanaiuzisha 60. Kisha Trump akaingia 2017, hofu ikatoka, watu wakaacha kununua, bei ikaanguka, na Remington njo pale alianza kuzama. Umeona? Hofu ikiisha, kiwanda kinakufa. Kwa hiyo 2020 waliongeza saa za kazi, usiku na muchana, lakini kujenga tanuru mupya, wengi walisema hapana, tungojee.

Na ya tatu, Agosti 2021 Marekani walisema hawatatoa tena ruhusa mupya ya kuingiza masasi ya Urusi, ile ilikuwa mambo ya kulisha sumu Navalny, mupinzani wa Putin. Zile za ganda la chuma, Tula na Wolf, njo zilikuwa za maskini. Bei ya chini kabisa ikapotea pale, mpaka leo haikurudi vile.

Sasa ni sawa. Bokisi ya milimita 9 tunaiuzisha 12 mpaka 15. Haikurudi 9. Ile ngazi ya mama unga. Na kuna kitu wateja wengi hawajui: Federal, CCI, Remington na Speer, zote sasa ni za kampuni ya Wacheki, CSG, walinunua mwishoni mwa 2024. Winchester iko kwa Olin. Kwenye rafu unaona rangi kumi, ukifuata njia unafika milango miwili hivi.

Goma_Birere

Nimesoma yote. Sikutaka kuandika.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, tulilala chini, godoro imesimama dirishani, siku sijue ngapi. Ilipotulia watoto wakatoka njiani kuokota maganda. Ya njano, ya kung'aa. Wa kwangu aliingia na kopo ya maziwa imejaa, anasema papa, ule wa vyuma anapima kwa kilo. Nikamuambia rudisha. Akaniuliza, nirudishe kwa nani?

Mukuba_Moto, ni vile umesema, si bei kubwa. Alipata franga ya mandazi.

Mukuba_Moto

Ndugu pole sana. Kweli pole. Nimefunga mashine ya hesabu.

Mwalimu_wa_Nguba (Bukavu)

Sisi ilikuwa Februari. Maganda yale yale.

Muwindaji_wa_Kipushi

Sasa nijibu mutoto juu ya papa yake, juu naona hakuna mwenye kumujibu ile swali ya mwisho na njo ya maana kuliko zote.

Mwanangu, miye niko na miaka 68, nimewinda tangu wakati ule mutu anapata kartushi za kalibre 12 magazeni hapa mujini na permi yake mukononi, anachagua, za bata, za nguruwe pori. Ile ilikuwa. Leo kartushi moja ya makaratasi safi inakutesa kuliko nyama yenyewe, ukikosa shabaha unarudi nyumbani umehuzunika siku mbili. Njo maana vijana wa vijiji banatumikisha gobori ya mufuachuma, na inabalipukiaka usoni. Nimezika moja.

Sheria ya kwetu ya silaha ni ordonansi ya 3 Septemba 1985, nambari 85-035. Silaha bila ruhusa ya serkali ni kosa, kuingiza kutoka inje ni kosa kubwa zaidi. Na usichanganye: permi ya silaha ni moja, permi ya kuwinda ni ingine, ile inafuata sheria ya uwindaji ya 1982, na kuko miezi ya kufunga. Parke za Upemba na Kundelungu usisogee hata na manati. Papa yako makaratasi yake ni ya ile bunduki yake, nambari yake imeandikwa pale. Haimufunike bunduki ingine. Yaya akishuka uwanja wa ndege wa Luano na ile pampu kwa valisi, hakuna mutu atamuuliza kama ni zawadi ya papa.

Kaunta_Ya_Texas

Mzee ameshasema, naongeza ya upande wangu. Hata kabla ya Luano, huku hawamuachi. Kutoa bunduki inje ya Marekani inaombwa ruhusa, na Congo iko kwenye orodha yao ya inchi za ambargo ya silaha, tangu mambo ya Umoja wa Mataifa ya 2003. Tena kununua kwa jina lake akijua ni ya mutu mwingine wa inchi ingine, ile karatasi 4473 swali ya kwanza kabisa inamuuliza kama yeye njo mwenye kununua kweli. Asianze. Nimeona mutu amepoteza makaratasi ya kukaa juu ya kitu kidogo kuliko hii. Mwambie leo, usingoje kesho, juu duka zetu huku zinapiga punguzo mwezi wa 11 na ile ya 219 itakuwa 180, ataona rahisi atachukua.

Mbele_Tu_243

nilikuwa nacheza tu jamani

Mwana_Njanja

Nimemupigia saa hii hii. Alianza kubisha, ati rafiki yake alishapita na moja, nikamuwekea papa kwa simu. Papa hakupandisha sauti. Alimuuliza tu, "ile bunduki yangu ya hapa umeisahau? Ina kasoro gani?" Yaya akasema hapana papa, haina. Papa akasema basi, kintu inakosekana si bunduki, ni kartushi na karatasi, na ile bintu mbili haziko Texas.

Kiisha akamuagiza buti za pori, za kufunga mpaka juu, namba 43, na tochi ya kuvaa kichwani. Yaya anauliza buti za rangi gani. Papa anasema ya udongo. Wa Kaunta, zile buti kwenu zinauzishwa ngapi?

Kaunta_Ya_Texas

Sabini mpaka mia moja na hamsini. Achukue zile za mia, za sabini zinaachana chini mvua ya kwanza. Na tochi achukue ya betri za kawaida, si ya kuchaji, juu najua umeme wa Kamalondo.